Ukuta Ndani ya Kompyuta

4 Machi

Mdogo wangu,

Naandika nikiwa na imani kwamba hujambo, na kwamba lile jino limekwisha kung'olewa kabla halijakung'oa wewe. Huku tupo. Mama anakusalimu. Goti linamsumbua asubuhi tu. Jua likipanda anatembea kama msichana na kugombana na kila anayepita mlangoni. Shemeji yako amehamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo sasa jioni tunaonana, na tumegundua kwamba tuna mengi ya kubishania. Mpwa wako ameota meno ya mbele na kithembe kimekwisha. Nyumba imekuwa kimya kidogo bila kile kithembe.

Najua utashangaa kupata barua. Simu ninayo na namba yako ninayo. Lakini mara za mwisho tulizopigiana tuliishia kukata bila kuagana. Mimi nikaenda kulia jikoni, na wewe sijui ulikwenda wapi. Kwenye karatasi mtu hupata nafasi ya kufuta.

Sasa jambo lenyewe. Kompyuta yangu imekuwa mzigo. Unazijua kazi zangu: kadi za harusi, lebo za chupa, mabango ya maduka. Hizo inazibeba bila kulalamika. Lakini nimepokea kazi ya picha moja ya ukutani, ndefu kuliko basi, na tangu niianze mashine inatambaa. Nikibonyeza faili lifunguke, naosha vyombo na kuvipanguza, narudi, bado. Nikisogeza kipanya, mshale unakaa pale pale umenuna, halafu unaruka kama panzi. Juzi iliganda kabisa na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Shemeji yako anasema niipige kofi. Nilimtazama mpaka akatoka nje.

Wewe unatunza kompyuta za ofisi ya ramani, na ramani nayo ni picha kubwa. Niambie nifanye nini. Dukani wananiambia ninunue mpya, na sijawahi kuwasikia wakimwambia mtu neno jingine.

Ni mimi dada yako.


19 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika imelowa pembe moja, lakini inasomeka. Jino liling'olewa, sasa ulimi unakwenda kulitafuta kila saa. Nisalimie Mama, na shemeji, na huyo mwenye meno mapya. Mimi sijambo. Kazi ni ile ile. Mkuu wetu akishindwa kufungua barua zake anaita mafundi wote, na kumbe hajachomeka waya.

Kompyuta haipigwi kofi. Shemeji aelezwe.

Tatizo lako nalifahamu, maana ndilo linalonipa ugali wangu. Fikiria fundi cherehani anayekata pazia la ukumbi juu ya kigoda. Kitambaa kinamwagika sakafuni pande zote. Anakata kidogo, anakunja, anavuta, anakunjua, anakata tena. Si mvivu, mahali pa kutandaza hapatoshi. Kigoda ni memori ya mashine yako. Sakafu ni diski, ambako programu inatupa kila kisichoenea. Na kama diski nayo umeijaza, basi fundi hana hata sakafu.

Kwa hiyo anza na diski. Toa picha za harusi za watu waliokwisha kuzaa, ziweke kwenye diski ya nje. Acha sehemu kubwa iwe tupu kabisa. Faili usilifungue moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Linakili kwanza ndani, ulifanyie kazi humo. Unapochora, funga muziki, funga mtandao, funga kila dirisha ambalo hulitazami. Kwenye mipangilio ya programu yako ya picha kuna mahali pa kuiruhusu itumie memori zaidi. Iongezee, lakini usiipe yote, mashine nayo ina mambo yake. Punguza pia idadi ya hatua inazokumbuka za kurudi nyuma. Mtu mzima hahitaji kufuta makosa mia. Tabaka za picha ulizokwisha kumalizana nazo ziunganishe. Halafu izime, fungua mfuniko, upulize vumbi kwenye feni. Mashine yenye joto inajipunguza mwendo yenyewe.

La mwisho ndilo kubwa: picha ya ukutani hutazamwa kwa mbali. Huhitaji kufanya kazi kwenye ukubwa wake wote. Tengeneza nakala iliyopunguzwa, robo yake inatosha kabisa. Hapo hata hiyo mashine yako itakimbia.

Hukusema ni picha ya nini.

Mdogo wako.


6 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezigawa. Mama ameuliza kama unakula. Nimemwambia umeandika neno ugali, akaridhika. Mpwa wako anataka kujua kama ramani zako zina shule yake. Shemeji yako amesema hakukusudia kofi kubwa.

Nimefanya yote uliyosema ila moja. Kwenye feni nilikuta mjusi mkavu, amejikunja kama anasali, na vumbi la kutosha kupanda mahindi. Diski nimeipunguza mzigo. Nimewatoa maharusi wote. Mipangilio nimeibadilisha. Sasa faili linafunguka ninapomaliza kuosha vyombo, kabla ya kuvipanguza. Ni hatua, na ninashukuru.

Nakala iliyopunguzwa siwezi kuitumia. Usiniulize, sababu ninazo. Na shida iliyobaki ni hapo hapo: tunapokuza sehemu moja hadi ijaze kioo, mashine inagoma. Picha inakuja vipande vipande, kama mtu anayelipa deni asilolitaka. Tukisogea upande wa pili tunasubiri upya. Hilo linachosha mno, na linakula siku.

Picha yenyewe ni ya watu wanaosubiri safari. Wenye stesheni mpya ndio wanaoitaka.

Mvua zimeanza. Paa la jikoni limetukumbuka.

Dada yako.


27 Aprili

Dada, shikamoo.

Natumaini paa limezibwa. Nisalimie Mama na shemeji na mpwa. Mwambie shule yake imo, ni kidoti kimoja chekundu, na kidoti si mbali na mto.

Umeandika “tunapokuza”. Halafu “tukisogea”. Wewe na mimi tulifundishwa sarufi na mwalimu mmoja na fimbo moja. Shemeji hajui hata pa kuiwashia kompyuta. Mpwa yuko shule. Mama haikaribii mashine, anasema inatoa joto baya. Nani mwingine anakaa mbele ya hicho kioo?

Na watu wanaosubiri safari, kwenye stesheni, kwa ukubwa huo, nawajua wa ukuta mmoja tu.

Kuhusu kukuza: kata picha vipande vitano au sita, kila kimoja faili lake, ufanyie kazi kimoja kimoja, uje uviunge mwishoni. Ukikuza kipande, mashine itakuwa inabeba kipande, si ukuta.

Mdogo wako.


14 Mei

Mdogo wangu,

Tumezima redio ili niandike. Mama hajambo, goti halijambo. Mpwa wako amechora kidoti chekundu kwenye kila daftari.

Ulijua kabla hujauliza, kwa hiyo sitazunguka. Ni Baba.

Stesheni ya zamani inabomolewa. Mpya imekwisha kusimama ng'ambo ya pili ya reli, kioo kitupu, na ule ukumbi wa kusubiria wenye picha aliyoichora Baba hawana pa kuupeleka. Msimamizi wa ujenzi ni mtu msikivu. Aliniambia: “Mama, ukuta siwezi kuubeba. Lakini mkiniletea picha yake nzima, safi, kabla ya mwisho wa Julai, nitaichapisha kwenye mbao na kuiweka kwenye ukumbi mpya kwa ukubwa ule ule. Baada ya hapo mashine zangu zinaingia.” Nikapanda ngazi na kamera, nikaupiga ukuta hatua kwa hatua. Sasa naushona, picha kwa picha. Ndilo hilo faili.

Rangi zimefifia na moshi umekula sehemu. Wa kusema rangi ilikuwaje ni Baba peke yake. Na macho ya Baba yameharibika. Sikukwambia kwa sababu hukuuliza. Daktari anasema hayatarudi. Kuchelewesha upofu tu ndiko kunakowezekana. Usoni kwangu haoni kitu, ananijua kwa nyayo. Alipelekwa kwenye ukuta wenyewe akaugusa kwa kiganja, akasema, “Una unyevu,” basi. Kwenye karatasi haoni kabisa.

Lakini kwenye kioo cha kompyuta, chenye mwanga nyuma yake, nikikuza mpaka sikio la mtu lijae kioo kizima, anaona. Anasogeza uso mpaka pua inagusa. Siku ya kwanza nilimkuzia yule mwanamke anayesuka mtoto. Akainama hapo mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, “Hilo sikio nililikosea tangu mwanzo.”

Ndiyo sababu siwezi kupunguza. Nikipunguza, halafu nikakuza, sikio linageuka miraba mitupu, naye anaona vumbi. Huo ukubwa si ukuta unaoutaka, ni yeye.

Vipande nimevikata ulivyosema. Inasaidia. Lakini hata kipande kimoja bado kinasuasua, na Baba si mtu wa kusubiri. Picha ikichelewa anadhani macho yamezima moja kwa moja. Namwona anavyoshika ukingo wa meza.

Hakuniambia nikuandikie, wala hakunikataza. Hakutaji, kama wewe usivyomtaja. Mmefanana mpaka katika kununa.

Dada yako.


8 Juni

Dada, shikamoo.

Samahani kwa mwandiko. Printa imekwisha wino.

Salamu kwa Mama, shemeji na mpwa. Huku kumekuwa na baridi isiyo ya kawaida na mkuu wetu amevaa koti ndani ya ofisi tangu Jumatatu.

Pamoja na barua hii nimempa dereva wa mizigo boksi dogo. Ndani kuna memori mbili na diski moja. Diski hii haina kitu kinachozunguka ndani yake, ndiyo maana ni nyepesi hivyo; usidhani wameniibia. Kuzifunga si kazi ngumu. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, subiri kidogo. Gusa chuma cha kasha kwanza ili mwili wako umwage umeme wake. Memori za zamani zina vishikio viwili pembeni. Visukume nje, zitaruka zenyewe. Mpya zina pengo chini, halipo katikati kamili, kwa hiyo haziwezi kuingia kinyume hata ukilazimisha, na usilazimishe. Bonyeza mpaka usikie mlio. Diski ichomeke pale penye nafasi, kisha uiambie programu ya picha kwamba sakafu yake sasa ni ile. Faili nalo liishi humo.

Nimekusudia itoshe kwa kipande chochote, kwa ukubwa wowote, bila kusubiri.

Kuhusu yale mengine sina la kuandika. Nikwambie tu, kwa kuwa siku niliyokosana na Baba hukuwepo sebuleni. Alisema mbele ya wageni, “Aliyeshindwa na brashi hukimbilia umeme.” Wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama na trei ya chai. Niliiweka mezani, sikumwaga hata tone.

Mdogo wako.


25 Juni

Mdogo wangu,

Boksi limefika salama. Shemeji yako alishika tochi kana kwamba tunampasua mtu. Nilibonyeza mpaka nikasikia mlio. Nikawasha, nikafungua kipande cha kwanza, nikainuka kwenda kwenye vyombo kwa mazoea. Kabla sijafika mlangoni Baba akasema, “Mbona kipo tayari?”

Nikakuza. Kikaja hapo hapo. Nikasogea kushoto, kikasogea. Baba aliuachia ukingo wa meza.

“Nani ameitengeneza?”

“Fundi.”

“Fundi gani?”

“Wa ofisi ya ramani.”

Akarudisha uso kwenye kioo. Mama alikuwa anachambua mchele pembeni, naye akaacha kuchambua. Baba akasema, “Mwambie fundi feni haipigi kelele tena. Nilidhani mashine imekufa.” Ndiyo salamu niliyopewa, naituma kama ilivyo.

Memori ulizonitumia si mpya, zina alama za vidole pembeni, kama zilizochomolewa kwenye mashine ya mtu. Na mwandiko wako ni ule ule wa darasa la nne. Sitauliza kwa nini siku hizi unaandika kwa mkono. Printa haikai bila wino ndani ya ofisi ya ramani.

Kazi inakwenda. Tumemaliza wanaolala juu ya magunia, na yule askari, na mwanamke mwenye sikio, ambalo amenisahihishisha mpaka limemridhisha. Nilimwambia, “Baba, watu watasema tumebadilisha picha.” Akajibu, “Waseme. Picha ni yangu na sikio ni langu.” Mimi hakunichora popote, unakumbuka; alisema nilikuwa sikai nikatulia.

Kumebaki pengo moja. Mwishoni kabisa mwa ukuta, upande wa dirisha la treni, kuna mvulana anayeinua ndoo ya maji kumpa abiria. Watu wa magazeti walikuwa na kibanda chao pale miaka yote. Kilipong'olewa kiling'oka na lipu. Kichwa cha mvulana kipo, miguu ipo, mkono na ndoo vipo. Kuanzia shingoni mpaka kiunoni ni matofali. Itabidi tuchore upya, na Baba hakumbuki shati lilikuwa la rangi gani. Mama alisema kijani, kesho yake akasema jeupe. Picha za zamani hazina rangi.

Baba amesema, “Muulize mwenyewe.”

Ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Nami nakuuliza.

Dada yako.


12 Julai

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Sijapata jibu. Labda barua imepotea, kwa hiyo narudia: shati la mvulana mwenye ndoo lilikuwa rangi gani? Kila kitu kingine kimekamilika. Msimamizi wa ujenzi alipita hapa, akakaa kwenye kochi, akanywa maji, akasema kwa upole kwamba mashine zake zimekodiwa kwa tarehe.

Kila asubuhi Baba anavuta kiti mbele ya kioo, ananiambia nifungue kipande cha mwisho, anatazama matofali.

Dada.


16 Julai

Dada, shikamoo.

Nilikuwa nje na wapima ardhi, huko ambako barua hazifiki. Hiyo ni nusu ya sababu. Nusu nyingine niachie.

Salamu kwa wote nyumbani.

Sikuwa na shati.

Siku ile nilikuwa nimejimwagia rangi ya bluu kifuani nikichezea mikebe, Mama akalichukua shati kulifua. Palikuwa na joto. Baba alinisimamisha juu ya benchi na ndoo tupu mkononi, akanichora kifua wazi, mbavu na kila kitu. Nilisimama mpaka mkono ukafa ganzi. Alipomaliza nilijiona nikafurahi, nilikuwa mimi mtupu. Kisha bwana stesheni akaja kukagua. Alikuwa na kofia, unaikumbuka. Akasema stesheni yake haiwezi kuonyesha mtoto nusu uchi mbele ya wageni, avishwe nguo. Baba alitaka kubisha, lakini kazi ilikuwa haijalipwa. Akakusanya mabaki ya mikebe yote, akayakoroga pamoja, akanivisha. Rangi yenyewe haikuwa na jina. Ndiyo maana hakuna anayeikumbuka.

Mimi naikumbuka kwa sababu sikula siku hiyo. Kwenye ukuta wote ule kila kitu kilikuwa kweli isipokuwa shati langu.

Sasa hiyo ndiyo habari. Aweke rangi anayoitaka. Mabaki ya mikebe yoyote yatafaa.

Mdogo wako.


30 Julai

Mdogo wangu,

Mama hajambo, na amekubali kwamba shati lilikuwa kwenye beseni. Mpwa wako na baba yake wanakusalimu.

Barua yako ilifika siku ya kukata tamaa. Nilikwisha kuchagua rangi ya kahawia kwa kichwa changu mwenyewe. Nikamsomea Baba kwa sauti, na sikuruka mstari. Nilipofika kwenye kofia ya bwana stesheni akaguna. Nilipofika kwenye “sikula siku hiyo” akaniambia nirudie. Nikarudia.

Kisha akauliza, “Bwana stesheni si alikwisha kufa?”

“Alikwisha kufa, Baba. Zamani.”

“Basi hakuna wa kutukataza. Futa hiyo kahawia.”

Nikafuta.

“Muache kifua wazi. Mbavu nazikumbuka.”

Tukaanza asubuhi ile ile. Alikaa pua kwenye kioo, kidole kikipita juu ya matofali, nami nafuata kidole kwa kalamu ya kompyuta. Alikuwa anasema kama mtu anayesoma: “Hapa chini ya kwapa, giza. Hapana, si nyeusi, giza. Upande wa kulia mbavu zinatokeza zaidi, mkono wake ule ndio uliokuwa juu. Kitovu kimechomoza kidogo, mama yake alikuwa anakifunga na sarafu na wala haikusaidia.” Mama kule jikoni akasema kwa sauti kwamba ilisaidia. Nikikuza, kinakuja. Nikirudi nyuma kuona mwili mzima, unakuja. Mara nyingi sana tulikwenda na kurudi, na mashine haikusimama hata mara moja kutafakari. Ungeiona ungejivuna.

Tulipomaliza alitazama kipande kwa kipande, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, kisha akaegemea kiti. Akasema, “Alisimama vizuri. Wengine wote walikuwa wanachoka, huyu hakuchoka.” Nikangoja aendelee. Akaomba maji.

Kazi imepelekwa. Msimamizi aliifungua kwenye mashine yao kubwa, akaisogeza kutoka mwanzo mpaka mwisho, akasimama kwa mvulana. Akauliza kama yule mtoto ni wa kweli. Nikamwambia ndiyo, yupo, anatengeneza kompyuta.

Leo asubuhi wameubomoa ukuta. Baba hakutaka kwenda. Tulisikia mshindo kutoka hapa nyumbani, mara moja tu, halafu malori.

Dada yako.


17 Agosti

Baba, shikamoo.

Dada atakusomea. Natumaini unaendelea vizuri, na kwamba macho hayakuumi. Mimi ni mzima.

Kelele haikuwa ya feni, ilikuwa ya diski ya zamani ikizunguka. Niliona nikwambie, usije ukadhani nilifanya kazi kubwa.

Likizo yangu imekubaliwa. Nitapanda basi la tarehe mbili Septemba, kwa hiyo nitakuwa hapo kabla ya ukumbi mpya kufunguliwa. Nakuja na kioo kingine, kikubwa, cha kutundika ukutani. Hicho cha Dada ni cha kadi za harusi. Utaweza kukaa wima badala ya kuinama.

Kuna jambo ambalo sikuwahi kulisema nyumbani. Hapa ofisini sitengenezi mashine peke yake. Kwa muda sasa wananipa nichore. Nilianza na barabara, sasa ni mito. Nakuja na ramani moja ya mto ambao niliuchora mimi, umekwisha kupitishwa na wakubwa na kupigwa muhuri. Nadhani kwenye kona ya pili nimekosea, lakini hapa hakuna anayeona.

Nataka nikukuzie uutazame.

Mwanao.